Krediti 60 za huku si krediti 60 za kule

Kila kiangazi, watoto wakishapata matokeo yao huko Muscat, Dubai na Doha, simu yangu hapa Wembley haipumziki. "Shikamoo Mwalimu. Kijana wetu kapata nafasi chuo cha London. Wanasema akimaliza mwaka atakuwa na krediti 60, halafu anahamia yunivasiti. Ni kweli?" Naitikia marahaba, kisha nauliza swali moja kabla ya kujibu lolote: krediti 60 za ngazi gani? Hapo simu huwa kimya.

Kimya hicho kina gharama. Namjua kijana aliyekaa mwaka mzima chumba cha kupanga karibu na Ealing Road, baba yake anatuma pesa kila mwezi kutoka Ghuba, na mwisho wa mwaka akapewa karatasi nzuri yenye nembo ya dhahabu na neno "Diploma". Alipoipeleka chuo kikuu akaambiwa haimo katika orodha ya vyeti vinavyosimamiwa na dola, kwa hiyo haihesabiki kabisa. Dalali aliyemwandikisha hapatikani tena kwenye simu. Pesa zilikwenda, na mwaka wa ujana haurudishwi na mtu.

Mimi nimefundisha skuli zaidi ya miaka 30, na sekondari yangu nilisoma kwa mapadri, skuli ya misheni, ambako mtoto wa Kiarabu na mtoto wa mkulima walikaa dawati moja na kusimamiwa kwa ukali mmoja. Mapadri walitufundisha kusoma karatasi yoyote mpaka mstari wa chini kabisa. Sasa nimestaafu, nakaa na mwanangu hapa Wembley, na jamaa huniletea karatasi zao nizisome. Haya ninayoandika ndiyo ninayowaambia wao.

Ndugu watatu, namba moja

Iddi iliyopita vijana watatu wa ukoo mmoja walikutana mezani kwetu, na kila mmoja alijigamba ana krediti 60. Wa kwanza ni binti aliyemaliza kozi ya Access hapa London. Wa pili amesoma miaka miwili koleji ya jamii huko Ohio, Marekani. Wa tatu amesoma mwaka mmoja chuo kikuu Sweden. Wakaanza kubishana nani yuko mbele.

Tukahesabu. Uingereza, mwaka mmoja wa digrii wa kusoma muda wote una krediti 120, na digrii ya kwanza yenye heshima kamili ni krediti 360. Krediti moja ni kama saa 10 za kujifunza, ukijumlisha darasani, maktaba na kazi za nyumbani. Ulaya wanatumia mfumo wao, ambao mwaka mmoja ni krediti 60. Kwa hiyo krediti 1 ya Ulaya ni sawa na 2 za Uingereza, na kijana wa Sweden ana mwaka mmoja kamili wa digrii. Marekani digrii nzima ya miaka minne ni kama krediti 120, na somo moja la muhula mara nyingi ni krediti 3. Basi yule wa Ohio, kwa 60 zake, amefika nusu ya digrii ya kwao.

Na binti wa Access? Krediti zake 60 si za digrii hata moja. Ni za kufungulia mlango wa chuo kikuu. Amefanya kazi kubwa, na anastahili kupongezwa, lakini ataanza mwaka wa kwanza kama wengine. Hakudanganywa na chuo. Wazee wake ndio waliosikia "60" wakadhani nusu ya safari imekwisha, wakaanza kuhesabu miaka ya karo kwa hesabu isiyokuwapo.

Mkishika neno moja katika makala hii, shikeni hili: namba ya krediti haina maana mpaka ujue ngazi yake, na ngazi yake haina maana mpaka ujue nani ataipokea.

Ngazi za elimu, moja baada ya moja

Uingereza wamepanga vyeti kwa ngazi. Chini kabisa ni ngazi ya kuingilia, ambayo nayo imegawanywa tatu. Humo wanaanza wanaojifunza Kiingereza na hesabu za mwanzo. Ngazi ya 1 na ya 2 ni za mtihani wa GCSE, ule wa umri wa miaka 16. Alama ya 4 kwenda juu ni ya ngazi ya 2, na vyuo vikuu vingi vinataka angalau 4 katika Kiingereza na hesabu. Ngazi ya 3 ni ya kumaliza sekondari: A Level na wenziwe. Ngazi ya 4 ndiyo mwaka wa kwanza wa digrii, ya 5 mwaka wa pili, ya 6 mwaka wa mwisho. Ya 7 ni masta, ya 8 ni udaktari wa falsafa.

Mstari mkubwa uko kati ya ngazi ya 3 na ya 4. Chini ya mstari huo unatafuta ruhusa ya kuingia chuo kikuu. Juu yake ndiko unakokusanya krediti zinazoweza kuhamishwa. Mtu akikuambia "krediti zako zitahamishwa" na kozi yenyewe ni ngazi ya 3, ama hajui au anauza kitu.

Chuo cha mtaani kinauza nini hasa

Jamaa wakisikia "koleji" hudhani ni kitu kimoja. Kwa hapa Brent, wengi wanakijua College of North West London, chenye jina lake Willesden na Wembley Park, ambacho mwaka 2017 kiliungana na City of Westminster College chini ya kundi moja. Jirani kuna Harrow College. Halmashauri ya Brent nayo ina huduma yake ya elimu ya watu wazima, Brent Start. Sehemu kama hizi zina kozi za kila aina chini ya paa moja, na ndiyo maana watu wanachanganyikiwa.

Aina ya kwanza ni kozi za lugha na misingi. Kuna ESOL kwa wanaojifunza Kiingereza, na Functional Skills kwa Kiingereza na hesabu za maisha ya kila siku. Mama aliyekuja kumfuata mume anaanzia hapa, na wakaazi wengi wanaotimiza masharti husoma bila kulipa au kwa kulipa kidogo. Ni kozi muhimu mno, lakini usizitarajie zihesabiwe kwenye digrii.

Aina ya pili ni za ngazi ya 3. A Level ni ya masomo matatu kwa kawaida, kwa miaka miwili. BTEC ni ya vitendo zaidi, na wanafunzi hupimwa kwa kazi wanazokusanya kuliko kwa mtihani mmoja wa mwisho. T Level ilianza mwaka 2020. Ni miaka miwili, inalingana na A Level tatu, na ndani yake mna siku zisizopungua 45 za kufanya kazi kwa mwajiri. Halafu kuna Access, iliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa watu wazima walioacha masomo zamani. Access ni krediti 60, na 45 kati ya hizo ni za ngazi ya 3 zinazopewa daraja. Mtu akipata daraja la juu kabisa katika zote 45, pointi zake za kuombea chuo kikuu zinafika 144, sawa na A tatu za A Level. Kwa mama wa miaka 35 anayetaka uuguzi au ualimu, sijaona njia fupi kuliko hiyo.

Aina ya tatu ndiyo jamaa zetu hawaijui: kozi za chuo kikuu zinazofundishwa ndani ya koleji. HNC ni krediti 120 za ngazi ya 4. HND ni krediti 240, nusu ya ngazi ya 4 na nusu ya ngazi ya 5. Kuna na digrii ya msingi, nayo 240. Hizi ndizo zinazofanana na zile za koleji za jamii za Marekani, kwa maana ya kwamba mtu husoma karibu na nyumbani, kisha huenda chuo kikuu kumalizia.

Aina ya nne ni uanagenzi: kijana anaajiriwa, analipwa mshahara, na sehemu ya muda wake anasoma. Kuna uanagenzi wa ngazi ya 2 mpaka wa digrii kamili. Anahitaji kuwa na haki ya kufanya kazi nchini.

Aina ya tano ni kozi fupi za kujipa maarifa: kushona, upishi, kompyuta. Nzuri kwa moyo na kwa mfuko, ila cheti chake ni cha kuhudhuria tu.

Ndugu wenye watoto Marekani nao wajue kwamba huko mgawanyo ni kama huo. Koleji ya jamii ina diploma ya miaka miwili iliyopangwa makusudi ya kuhamia chuo kikuu, na ina nyingine ya ufundi na kazi ambayo kawaida haikupangwa kwa kuhamia. Zote mbili zinaweza kuwa na krediti 60. Kijana akikosea kuchagua mwanzoni, huja kuambiwa mwaka wa tatu kwamba nusu ya masomo yake hayakupokelewa. Vyuo vingi huko vina mikataba ya maandishi kati ya koleji na chuo kikuu kuhusu somo gani linapokelewa. Mkataba huo usomwe kabla ya muhula wa kwanza kuanza.

Kuhamisha krediti kunavyokwenda

Sasa tuseme mtu anazo krediti za ngazi ya 4 au ya 5 kwa haki. Je, chuo kikuu kinalazimika kuzipokea? Hakilazimiki. Hapa Uingereza kila chuo kikuu kinajiamulia. Wanaita kutambuliwa kwa masomo ya awali, na kila chuo kina kanuni zake za kiwango cha juu cha kupokea. Wanaangalia mambo manne: ngazi, idadi, masomo yenyewe yanafanana vipi na ya kwao, na muda uliopita tangu uyasome. Fani zinazokwenda na wakati, kama kompyuta, krediti za miaka mingi nyuma hupoteza thamani.

Mwenye HND nzuri anaweza kuomba aingie mwaka wa tatu moja kwa moja, ule mwaka wa kujazia ngazi ya 6. Mwenye HNC anaweza kuomba mwaka wa pili. Katika fomu ya UCAS kuna sehemu ya kuandika unaomba kuingia mwaka gani, na wengi wanaiacha tupu kwa kutojua. Kutoka Wembley Park kwa treni ya Metropolitan, kituo cha Northwick Park kinakufikisha kampasi ya Harrow ya Chuo Kikuu cha Westminster, na ukifuata njia hiyo hiyo mpaka Uxbridge uko Brunel. Jirani kabisa. Lakini ujirani hauna nguvu. Barua ya msajili ndiyo yenye nguvu. Kama chuo hakijakuandikia kwamba kinapokea krediti kadhaa na utaingia mwaka fulani, bado huna kitu.

Open University, iliyoanzishwa mwaka 1969, ina mpango wake wa kupokea krediti za vyuo vingine, na wanafunzi wake husoma moduli moja moja wakiwa nyumbani. Kwa mama mwenye watoto wadogo, au baba anayeendesha teksi usiku, hilo si jambo dogo.

Fani nyingine ni nzito kuhamia. Uuguzi una kikomo kinachowekwa na baraza la wauguzi. Udaktari wa tiba, msitarajie mtoto aingie katikati. Aanze mwanzo, na maombi yake yafike kabla ya 15 Oktoba ya mwaka unaotangulia.

Kuna jambo la wale walioacha njiani, nao ni wengi kuliko tunavyosema kwenye mabaraza yetu. Kijana amesoma mwaka mmoja, mzazi kaugua, karudi Muscat, na nyumbani inasemwa "hakumaliza". Kama alifaulu krediti 120 za ngazi ya 4, hakuondoka mikono mitupu. Vyuo vingi hutoa cheti cha elimu ya juu kwa mwaka huo, na akifikisha 240 hutoa diploma ya elimu ya juu. Aandike barua aombe cheti chake na transkripti. Nimemwona baba mmoja akitokwa na machozi aliposikia kwamba mwanawe, aliyemwita mpotevu miaka minne, alikuwa na theluthi ya digrii imelala kwenye kabati la chuo.

Mama wa Seeb

Wiki chache zilizopita alinijia mama mmoja kutoka Seeb, amemfuata mume Wembley. Ana diploma ya uhasibu ya chuo cha ufundi Oman, katika vile vyuo vilivyounganishwa mwaka 2020 kuwa Chuo Kikuu cha Teknolojia na Sayansi Tumizi. Dalali alikuwa ameshamwandalia fomu ya Access. "Mwalimu, naambiwa karatasi ya Oman huku haina kazi. Nianze upya."

Nikamwambia, mwanangu, usianze upya mpaka uambiwe na mwenye chuo. Tukaomba kwa UK ENIC, ofisi inayolinganisha vyeti vya nje na ngazi za huku, itoe taarifa ya kulinganisha. Tukakusanya transkripti, na jambo wanalolisahau watu wengi: muhtasari wa kila somo, kurasa kwa kurasa, unaoonyesha alisoma nini na kwa saa ngapi. Dada yake akazunguka ofisi za chuo Muscat siku tatu kuupata. Tukapeleka vyuo vikuu viwili. Kimoja kilikataa kwa heshima. Cha pili kimempa nafasi ya mwaka wa pili, kwa sharti la Kiingereza. Ameokoa mwaka wa Access na mwaka wa kwanza wa digrii, na ada za miaka yote miwili.

Nisitie watu matumaini ya bure. Vyeti vya thanawiya vya Ghuba, kwa kawaida, havimwingizi mtoto moja kwa moja mwaka wa kwanza wa digrii Uingereza. Wengi hutakiwa kusoma mwaka wa matayarisho. Mwaka huo nao ni ngazi ya 3 au inayolingana nayo, hata kama unafundishwa ndani ya jengo la chuo kikuu. Hauhesabiwi katika zile 360.

Pasipoti, ada na riba

Hapa ndipo familia za Ghuba zinapoumia zaidi. Mtoto ana pasipoti ya Uingereza, amezaliwa London, kalelewa Muscat. Wazee wanadhani atalipa ada ya mwenyeji. Kanuni ya Uingereza haiangalii pasipoti peke yake. Inataka mwanafunzi awe na makaazi yake ya kawaida katika nchi zinazokubalika kwa miaka mitatu kabla ya kozi kuanza, na asiwe amekuja kwa ajili ya kusoma tu. Kuna nafuu kwa familia inayothibitisha kwamba kuishi nje kulikuwa kwa kazi ya muda, na nyaraka zinatakiwa: mikataba ya kazi, nyumba, safari za kurudi. Asiyetimiza hutozwa ada ya mgeni.

Tofauti ni kubwa. Ada ya juu ya mwenyeji Uingereza kwa mwaka wa masomo 2025/26 ni pauni 9,535. Ada ya mgeni haina kikomo cha serikali, na mara nyingi hupita pauni 15,000. Kwa hiyo kila mwaka unaookolewa kwa kuhamisha krediti halali, kwa familia ya Ghuba, ni thamani ya gari.

Halafu riba. Mikopo ya serikali kwa wanafunzi ina riba, na nyumba nyingi za kwetu zinakataa kwa dini. Mwaka 2014 serikali ilikusanya maoni juu ya mpango mbadala usiokuwa na riba, na sheria ya mwaka 2017 ikaipa serikali uwezo wa kuuanzisha. Mpaka sasa haujaanza. Waulizeni masheikh wenu. Mimi si mufti. Ninachoweza kusema kama mwalimu ni kwamba nyumba isiyochukua mkopo ndiyo yenye haja zaidi ya kuhesabu ngazi na krediti, maana inalipa taslimu kwa kila kosa. Kwa wanaochukua, wajue kwamba mkopo wa kozi ya Access, salio lake hufutwa mtu akimaliza digrii inayostahili mikopo ya wanafunzi. Na serikali imepanga kuanzia Januari 2027 kuleta haki mpya ya mkopo wa masomo ya maisha, wa ngazi ya 4 mpaka ya 6, kwa watu mpaka umri wa miaka 60, hata kwa baadhi ya moduli za krediti 30 au zaidi. Mtu ataweza kukusanya elimu kidogo kidogo.

Na karatasi ikirudi nyumbani

Mwaka 1970 Sultan Qaboos alipowaita Waomani wa nje warudi kujenga nchi, waliorudi kutoka Unguja, Mombasa na bara walikuja na vyeti vya Cambridge mikononi. Oman ya wakati ule ilihitaji watu wanaosoma na kuandika Kiingereza, ikavipokea. Karatasi zile zilipata thamani kwa sababu aliyekuwa upande wa pili wa meza alizijua.

Siku hizi meza hiyo ni wizara. Mtoto akirudi na digrii ya Uingereza, wizara inayohusika na elimu ya juu katika nchi yake ndiyo inayokubali kuilinganisha. Inaangalia chuo kilichotoa, na mara nyingi namna alivyosoma: alihudhuria darasani au alisoma kwa mbali, alikaa miaka mingapi. Aliyeingia mwaka wa tatu kwa HND anaweza kuulizwa ile miwili ya kwanza aliisoma wapi. Kwa hiyo barua kwa wizara iandikwe kabla ya kuanza kozi, na jibu liwekwe pamoja na pasipoti. Vivyo hivyo kwa wanaotaka kurudi Tanzania, ambako Tume ya Vyuo Vikuu ndiyo inayotambua digrii za nje.

Maswali matano kabla ya kulipa

Mzazi, kabla hujatuma hata pauni moja, uliza haya, na majibu yawe kwa maandishi.

Kwanza: kozi hii ni ya ngazi gani, na ina krediti ngapi katika ngazi hiyo?

Pili: cheti kinatolewa na nani? Kama ni ngazi ya 3 na chini yake, kitafute katika rejista ya Ofqual, au kama ni Access, angalia kinatambuliwa na QAA. Kama ni digrii, kitafute chuo katika rejista ya Office for Students. Rejista zote ziko wazi kwenye intaneti, hazilipiwi.

Tatu: chuo kikuu gani, kwa jina, kimewahi kupokea wanafunzi wa kozi hii, na katika mwaka gani wa digrii? Ukishapewa jina, kiandikie chuo hicho wewe mwenyewe. Usimtume dalali akuulizie.

Nne: mtoto wangu atalipa ada ya mwenyeji au ya mgeni, na mmeamua hivyo kwa nyaraka gani?

Tano: akiacha njiani kwa dharura, ataondoka na nini mkononi?

Chuo cha kweli hujibu maswali haya kwa utulivu, kwa sababu kimeyajibu mara elfu. Anayekasirika, au anayekuambia "Baba, usijali, tutamalizia hayo baadaye", funga mkoba wako uende zako.

Yule kijana wa nembo ya dhahabu ameanza Access mwezi wa Septemba, chuo chenye rejista safari hii. Ana miaka 22, bado ni mdogo. Baba yake amenipigia kutoka Ghuba, na mara hii yeye ndiye aliyeniwahi kwa swali: "Mwalimu, hizi 60 ni za ngazi ya tatu, siyo? Kwa hiyo digrii tunaihesabu kuanzia mwakani." Nikamwambia naam, ndiyo hesabu yenyewe.